Kinachojirudia katika Maneno

Nafundisha Kiswahili hapa Nanganga, ilipo njia panda ya Masasi na Ruangwa, na sarufi ya lugha zetu za kusini naipenda kuliko somo lolote. Novemba 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani. Mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples, na 1879 kitabu chake cha kujifunzia Kimakua kikachapwa. Naiheshimu sana kazi ile, na zaidi Wamakua waliokuwa walimu wake. Msingi wa kazi ya namna hiyo ni kutafuta kipande kinachojirudia: watu, watoto, wazee. Ukikikuta "wa" mara nyingi vya kutosha, umepata kiambishi.

Njia ya haraka ya kuhesabu ilikuja 1973, Peter Weiner alipobuni mti wa mikia ya maandishi. 1990 Udi Manber na Gene Myers wakaufanya orodha tu. Chukua "pilipili". Mkia ni sehemu inayoanzia herufi yoyote hadi mwisho. Panga mikia yote kialfabeti: i, ili, ilipili, ipili, li, lipili, pili, pilipili. Tazama: inayoanza na "pili" ni miwili, imekaa jirani; inayoanza na "i" ni minne, mfululizo. Kompyuta huweza kufanya hivyo kwa kitabu kizima.

Inachohitaji ni maandishi. Vijana wa Masasi na Newala, andikeni hadithi za bibi zenu kwa Kimakua na Chimakonde, mzihifadhi.