Kokteli za kahawa kwa keja: vile utazitengeneza bila mashine na bila kupoteza beshte

Kama unaishi Kiganjo ya Thika (si ile ya Nyeri ya makarao) unajua vile tunachekesha. Tumezungukwa na kahawa kila upande na hatuinywi. Ukienda upande wa Gatundu unapita mashamba. Ukishuka Ruiru uko na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, wale waliotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka wa 1985 ndio wakulima wapumue kidogo kutoka kwa ugonjwa wa kuozesha buni na kutu ya majani. Lakini ingia keja yoyote ya mtaa huu uulize kahawa, utapewa chai.

Halafu wikendi ikifika, msee huyo huyo anaenda lounge ya Thika Road analipa karibu ngiri kwa glasi moja ya kahawa na vodka. Buda, hiyo kitu unaweza kuitengeneza hapo kwa meza yako. Mimi nimeifanya kwa bedsitter, bila friji, na vyombo vya kuazima kwa jirani. Nilisoma mambo ya upishi koleji semesta tatu kabla doo ikatike, na kitu nilitoka nacho huko ni kimoja: pima. Kokteli ni hesabu. Ukimwaga kwa macho, glasi ya kwanza itakuwa tamu, ya pili dawa, na ya tatu hakuna mtu atakumbuka.

Kijiko cha supu ni mililita 15. Vijiko viwili ni 30, na hapa nikisema tot moja namaanisha hizo 30. Andika kwa ukuta ukitaka.

Anza na kahawa, pombe baadaye

Makosa ya wasee wengi ni kununua chupa ya bei halafu wanaweka kahawa ya kuosha miguu. Kahawa ya kokteli lazima iwe kali kuliko ile ungekunywa asubuhi, kwa sababu barafu itaipunguza na sukari itaificha.

Njia ya haraka ni ile kahawa ya sasheti inayoyeyuka. Usicheke. Vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwa maji moto vijiko vinne vya supu, koroga mpaka iwe nyeusi tii. Hiyo inatosha glasi mbili. Tena sasheti inatoa povu poa sana ukiitikisa, kuliko kahawa nyingi za sufuria.

Ya pili ni kahawa ya kusagwa, ile ya pakiti kwa supermarket. Nusu kikombe cha maji, vijiko vitatu vya supu vilivyojaa, acha ichemke mara moja tu, toa kwa moto, funika dakika 4, chuja na kitambaa safi. Nasema kitambaa kwa sababu kichungi cha chai kinapitisha unga, na glasi itabaki na matope chini. Hapa pia utapata ya glasi mbili hivi. Na usikubali kuuziwa uoga wa AA. AA ni saizi ya buni, zile kubwa zinazobaki juu ya chekecheo. AB ni ndogo kidogo na inaweza kuwa tamu vile vile. Kahawa ya kuchanganya na sukari na Stoney, AB inakufaa na inakuachia doo ya ndimu.

Ya tatu ndiyo yangu, kama una mpango tangu jana. Weka gramu 100 za kahawa ya kusagwa kwa jagi, mwaga maji baridi safi nusu lita, funika, lala. Masaa 12 hadi 18 baadaye unachuja, unapata kama mililita 300 za kahawa nzito ambayo haina uchungu wa kuchoma koo. Kama una friji itakaa hata wiki. Kama huna, imalize siku hiyo.

Kitu cha kujua kuhusu kahawa yetu ya Kenya: iko na uchachu, kama matunda. Watu wengine wanadhani imeharibika. Huo uchachu ndio utakusaidia, kwa sababu inaelewana na ndimu, na chungwa, na tangawizi. Kahawa ya nchi nyingine ni ya chokoleti na njugu, inapenda maziwa. Yetu inapenda soda.

Sirapu na ile ya chupa

Sukari ya kawaida haiyeyuki kwa kinywaji baridi, itakaa chini kama mchanga. Chemsha kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji mpaka iwe safi, ipoe. Imekwisha.

Sasa, hizi kokteli nyingi zinataka likeri ya kahawa, kama ile Kahlúa ya Mexico, na bei yake inaweza kula rent. Jitengenezee. Pasha mililita 200 za kahawa kali na gramu 200 za sukari mpaka sukari iyeyuke. Toa kwa moto. Acha ipoe kabisa kabisa, halafu ndio uongeze mililita 200 za vodka na matone machache ya vanila. Usiwahi mwaga vodka kwa sufuria iliyo juu ya jiko la gesi, mvuke wake unashika moto na nywele zako ziko karibu. Weka kwa chupa safi. Ikikaa siku tatu inakuwa poa zaidi, ingawa kwangu haijawahi kufika siku tatu.

Ile ya lounge

Hii wanaiita espresso martini, na ilianzia London miaka ya 1980 kwa mkono wa mhudumu wa baa anayeitwa Dick Bradsell. Si martini kwa kweli, ni glasi tu. Kwa mtu mmoja: vodka vijiko vitatu vya supu, likeri yako vijiko viwili, kahawa kali vijiko viwili, sirapu kijiko kimoja cha chai. Barafu nyingi. Tikisa kwa nguvu sekunde 15 na umwage kwa glasi ukichuja barafu. Povu ikipanda juu, weka buni tatu hapo kati kama uko nazo, upige picha.

Huna sheka? Chukua mtungi wa jam au siagi ya njugu wenye kifuniko cha kukaza. Lakini skia: kahawa iwe imepoa. Siku yangu ya kwanza nilimwaga kahawa ikitoka kwa jiko, nikafunga, nikatikisa mbele ya watu saba kama mimi ndiye mwenye baa. Joto likasukuma hewa ndani, kifuniko kikatoka kama risasi, na ukuta mweupe wa landlord ukawa ramani ya Afrika. Tulioshwa sote.

Barafu ndio kizuizi cha bedsitter. Mimi huomba mama wa duka aliye na friza anigandishie vipakiti vya maji tangu Ijumaa, au napitia petrol station inayouza za mfuko. Nunua mara mbili ya ile unadhani. Barafu kidogo inayeyuka haraka na kinywaji kinakuwa maji, barafu nyingi inashikilia baridi.

Ile ya mtaa

Sasa hii ndiyo nataka ujaribu hata ukisahau zingine zote. Glasi ndefu, ijaze barafu. Kenya Cane tot moja. Ndimu nusu, kamua. Stoney Tangawizi mpaka robo tatu ya glasi. Halafu kahawa ya kulowekwa vijiko vitatu, mwaga polepole juu ya mgongo wa kijiko. Mwaga ghafla na Stoney itapanda ikutoke mezani. Itakaa nyeusi juu, dhahabu chini. Tangawizi inachoma, ndimu inavuta ule uchachu wa kahawa, na sukari iko tayari ndani ya soda kwa hivyo sirapu hauhitaji. Robo ya mililita 250 inatoa glasi nane. Piga hesabu hapo ulinganishe na lounge.

Kuna ya jini pia (ile ya chupa, si ya kupagawa): jini tot moja, toniki, kahawa vijiko viwili, ganda la chungwa. Ni ya wale wanasema hawapendi vitu tamu. Na baridi ya Julai ikishika, kahawa moto na Amarula, basi.

Usisahau asiyekunywa. Kila kundi liko naye, na huwa anapewa maji ya mfereji kama adhabu. Chukua wazo kutoka pwani, wale wazee wa Mombasa na kahawa tungu ya tangawizi na iliki. Chemsha kahawa na kipande cha tangawizi na iliki tatu zilizopondwa, ipoe, ongeza sirapu na ndimu, mwaga juu ya barafu. Nikiitengeneza hii, wanaokunywa pombe huwa wanaiba.

Chupa umetoa wapi?

Hapa niache mzaha kidogo. Februari 2024 huko Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walikufa kwa pombe yenye sumu. Si mbali na sisi. Methanoli huwezi kuijua kwa kuonja, na kahawa kali itaficha hata ile ladha ya ajabu ungeshtukia. Ile ya kuwasha moto uone rangi pia si kipimo cha kuamini.

Kwa hivyo nunua duka lenye leseni, chupa iliyofungwa, kifuniko hakijaguswa. Angalia stempu ya KRA na uiskani na programu yao ya Soma Label, inakuambia ni kinywaji gani. Stempu ikisema mvinyo na wewe umeshika vodka, rudisha. Bei ikiwa ya kushangaza, shangaa. Na mtu akianza kuona ukungu, kichwa kumpasuka na kutapika, hata kama ni kesho yake mchana, usimpe maziwa wala usimwambie alale. Mpeleke Thika Level 5 upesi, kwa sababu matibabu yapo ila yanataka mapema.

Kahawa haiondoi pombe

Hii ndiyo sababu niliandika hii kitu. Mwaka jana beshte yangu alitoka kwangu saa saba usiku. Alikuwa amekunywa glasi nne za ile ya lounge. Yeye ni wa nduthi. Nilimwambia alale, akaniangalia macho yamefunguka poa, maneno yamenyooka, akasema, "Niko fiti, si nimekunywa kahawa?" Na mimi, manze, niliamini. Alikuwa anakaa fiti kuniliko. Hakufika Makongeni. Aliingia mtaro, mfupa wa bega ukavunjika, akakaa wiki sita bila kubeba mtu, na rent yake ya mwezi wa pili tulimchangia.

Kinachotokea ni hiki. Kafeini inaondoa usingizi. Pombe inabaki damuni vile ilikuwa, na ini linaitoa kwa mwendo wake, kama kinywaji kimoja kwa saa, hata ukiongeza kahawa ndoo nzima. Kwa hivyo unakuwa mlevi asiyejiskia mlevi, na huyo ndiye anashika funguo. Marekani mwaka wa 2010 serikali iliwaonya watengenezaji wa vinywaji vya mkebe vilivyochanganywa pombe na kafeini, kama Four Loko, na kafeini ikatolewa.

Siku hizi kwangu glasi za kahawa ni mbili kwa mtu, baada ya hapo ni Stoney tupu, maji na chapo. Funguo za nduthi na gari zinaingia kwa sufuria ya ugali juu ya kabati mlango ukifunguliwa, na mwenye sufuria ni yule asiyekunywa. Wenye shida ya moyo au presha, waulize kabla. Na usianze kumwaga saa tano usiku: kafeini hukaa mwilini, masaa matano baadaye karibu nusu bado iko, na utajikuta alfajiri unaosha viatu.

Kuchanga pesa ya chupa na mabeshte ni sawa. Lakini ukianza kuuza glasi kwa mlango, hapo unahitaji leseni, na makarao wa hapa wanajua plot zote. Aliye chini ya miaka 18 apewe ile ya iliki.

Mwisho, makapi ya kahawa usimwage kwa sinki. Yatupe kwa sukuma wiki ya jirani ama kwa pipa. Sinki ya plot yetu iliziba wiki mbili na caretaker bado ananisalimia kwa kichwa tu.