Alibadilika Lini? Msuko wa Futuhi ya Mhalifu Anayegeuka Mwalimu

Utangulizi

Watahiniwa wanapoulizwa kuhusu msuko wa tamthilia, wengi wao husimulia hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha wakaweka kalamu chini wakiamini wamejibu. Kusimulia si kuhakiki. Hadithi hutuambia nini kilitokea na kisha nini. Msuko hutuambia nini kilisababisha nini. Makala haya yanakusudia kuibainisha tofauti hiyo kwa kufuatilia historia ya aina moja ya futuhi (wengine huiita ramsa), yaani ile ambamo mtu asiyestahili huvishwa joho la heshima, na hasa ile ya mhalifu anayegeuka mwalimu.

Swali linaloyaongoza makala haya si langu. Tulikuwa tukijadili kisa cha aina hiyo katika darasa la Kidato cha Tatu hapa Bondeni. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kutoa funzo kwa sauti moja: "Mhalifu anaweza kubadilika." Nikageuka ubaoni kuliandika. Mvulana mmoja wa nyuma, aliyekuwa amerudi shuleni baada ya kupoteza muhula mzima maskani, akauliza: "Mwalimu, alibadilika lini?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa maana sikuwa na jibu. Baadaye nilitambua kwamba lilikuwa swali bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa, kwani kuuliza "lini" ni kuuliza tukio lipi lilizaa badiliko. Hilo ni swali la msuko.

Usuli wa kisa

Mjanja anayewapumbaza wakubwa si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika hekaya za Abunuwasi, sote twakijua kisa cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na nyingine ndogo na kudai kwamba imezaa. Jirani anapokea kwa furaha. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, harudishi, na anasema sufuria imekufa. Jirani anapopinga anaulizwa: uliyekubali kwamba sufuria huzaa, mbona hukubali kwamba hufa?

Kisa hiki ni kifupi lakini msuko wake ni mkamilifu. Tukio la pili halifuati la kwanza kwa bahati, limezaliwa nalo. Zaidi ya hayo, uongo unasimama kwa sababu aliyedanganywa alikuwa na faida ya kuuamini. Msingi huu wa pili ndio tutakaoukuta katika kila futuhi ya joho. Hata hivyo, Abunuwasi habadiliki. Kesho atakuwa yuleyule katika hekaya nyingine.

Huko Ufaransa, katika karne ya 13, kulikuwa na hadithi ya kishairi iliyohusu mkulima aliyempiga mkewe kila siku bila kosa. Watumishi wa mfalme walipopita wakitafuta tabibu wa binti wa mfalme, aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni, mke akawaambia kwamba mumewe ni tabibu hodari, ila hakubali kutibu mpaka apigwe. Mkulima akachapwa, akawa tabibu. Alimponya binti kwa kumchekesha mpaka mwiba ukamtoka. Mwishoni alirudi kwake, wala hakumpiga tena mkewe. Tuliweke jambo hili akilini: mkulima huyu alibadilika, na msuko watuonyesha sababu yake. Aliionja fimbo mwenyewe.

Tabibu Asiyependa Utabibu

Molière alikichukua kisa hicho na kukiweka jukwaani jijini Paris mwaka 1666. Tafsiri ya Kiswahili ya Alexander Morrison ilichapishwa mwaka 1945 kwa jina Tabibu Asiyependa Utabibu, wakati ambapo tamthilia zilizoandikwa kwa Kiswahili zilikuwa chache mno. Miaka 12 baadaye, mwaka 1957, zilitoka Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu za Graham Hyslop, pamoja na Nakupenda, Lakini ya Henry Kuria. Mwaka 1959 mashindano ya drama ya shule yakaanza nchini Kenya. Kwa hiyo futuhi ya joho ilitangulia kufika katika maandishi ya Kiswahili kabla ya jukwaa la shule kupata nguvu.

Msuko wa tamthilia hii una maonyesho matatu, na kila moja lina kazi yake.

Onyesho la kwanza ni la kufunga fundo. Sganarelle, mkata kuni mlevi, anampiga mkewe Martine. Jirani anapoingilia, mume na mke wanamgeukia yeye. Martine anaazimia kulipiza kisasi. Wanatokea watumishi wa mzee Géronte wakitafuta tabibu wa Lucinde, binti aliyekuwa bubu ghafla. Martine anapata nafasi yake. Sganarelle anachapwa mpaka anakiri kwamba yeye ni tabibu. Mtahiniwa atambue kwamba matukio haya yote yameunganishwa na fimbo: kipigo cha mume kinazaa hila ya mke, na hila inazaa kipigo cha watumishi.

Onyesho la pili ni la kulikaza fundo. Sganarelle anatumia Kilatini cha kubuni, anaweka moyo upande wa kulia na ini upande wa kushoto, na alipoulizwa akajibu kwamba mambo hayo yamekwisha kubadilishwa. Géronte anaridhika. Kinaya hapa ni kikubwa, kwani hadhira yajua kwamba tabibu si tabibu, na mara inajua pia kwamba mgonjwa si mgonjwa. Lucinde anajifanya bubu ili asiozwe mume asiyempenda. Waongo wawili wanakutana, na kila mmoja anamfaa mwenzake. Wahenga walisema pwagu hupata pwaguzi.

Onyesho la tatu ni la kilele na ufumbuzi. Léandre, mpenzi wa Lucinde, anaingizwa nyumbani akijifanya mtengeneza dawa. Lucinde anapata sauti, na sasa hanyamazi. Géronte anaomba afanywe bubu tena. Tabibu anajibu kwamba hilo haliwezekani, ila anaweza kumfanya mzee kiziwi. Wapenzi wanatoroka, hila inafichuka, na Sganarelle anakaribia kunyongwa. Ndipo Léandre anaporudi na habari kwamba amerithi mali ya mjomba wake. Géronte anamkubali mara moja, na mgogoro unakwisha.

Sasa tuulize lile swali. Sganarelle alibadilika lini? Hakubadilika. Mwishoni anamsamehe mkewe kwa vile amempatia cheo, kisha anamwonya amheshimu bwana mkubwa wa namna yake. Fimbo haikumfunza kitu, tofauti na yule mkulima wa karne ya 13. Kilichobadilika ni mfuko wa Léandre tu. Mtahiniwa atakayeandika kwamba tamthilia hii inafunza kuwa mtu mwovu anaweza kutubu atakuwa amejiandikia tamthilia yake mwenyewe.

Kwa nini hakubadilika?

Jibu la kwanza limo katika shabaha ya mwandishi. Molière hakumlenga mkata kuni. Aliwalenga matabibu wa zama zake waliojificha nyuma ya Kilatini, na matajiri waliowaamini. Ili kejeli hiyo ikate vizuri, mjinga lazima abaki mjinga huku akiendelea kuheshimiwa.

Jibu la pili, ambalo walimu wengi tunalipuuza, limo katika wakati. Waandishi wa Ufaransa wa karne ile walihimizwa kuzingatia umoja wa wakati, yaani tendo zima la tamthilia lisipite muda wa siku 1. Molière hakujali sana umoja wa mahali, kwani anaanza msituni na kuishia nyumbani kwa Géronte, lakini mambo yake yanakwenda kwa saa chache tu. Saa chache zatosha kufichua siri, kutoroka na hata kurithi mali. Hazitoshi kuibadilisha tabia ya mtu mzima. Isitoshe, wagonjwa wa Sganarelle huja na kwenda. Baba na mwana maskini wanafika kumwomba dawa ya mke mgonjwa. Anapokea pesa na kuwapa kipande cha jibini. Hawaonekani tena. Hakuna mtu anayerudi kesho kumtazama usoni.

Mhalifu mbele ya wanaorudi kesho

Wakazi wa Mombasa walizoea filamu za Kihindi tangu enzi za majumba ya sinema kama Regal na Naaz. Mwaka 2003 ilitoka Munna Bhai M.B.B.S., iliyoongozwa na Rajkumar Hirani. Munna ni jambazi wa Mumbai anayewadanganya wazazi wake kijijini kwamba ni daktari. Uongo unafichuka mapema, baba anaaibishwa, na aibu hiyo ndiyo inayomsukuma Munna kuingia chuo cha udaktari kwa udanganyifu. Tazama mahali fichuo lilipowekwa. Kwa Molière fichuo li karibu na mwisho, hivyo linafunga kisa. Hapa li karibu na mwanzo, hivyo linakifungua. Munna anakaa na wagonjwa siku baada ya siku, na kijana mmoja mwenye saratani anafia mikononi mwake. Baada ya kifo hicho anaondoka chuoni kwa hiari. Swali la "lini" sasa lina jibu.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2013, ilitoka nchini Ujerumani filamu Fack ju Göhte, ya mwongozaji Bora Dağtekin. Jina lenyewe limeandikwa kwa makosa ya tahajia makusudi, kama ambavyo mwanafunzi mzembe angeliandika. Zeki Müller anatoka jela na kukuta kwamba pesa alizoiba zilifukiwa mahali ambapo sasa pamejengwa ukumbi wa michezo wa shule. Anatafuta kazi shuleni ili azichimbue, na anajikuta mwalimu. Usiku anachimba, mchana anapewa darasa ambalo hakuna anayelitaka. Mitiririko hii miwili ndiyo msuko wote. Mwanzoni darasa ni kisingizio na pesa ndiyo shabaha. Kadiri siku zinavyopita shabaha zinabadilishana nafasi, na kilele hakiko katika swali la kama atazipata pesa, bali kama atabaki darasani baada ya kuzipata.

Hapa nafasi ya shule katika msuko inaonekana wazi. Darasa hurudi kesho. Mwalimu aliyemwonea mwanafunzi Jumatatu atamkuta palepale Jumanne. Mkata kuni hakupewa nafasi hiyo. Mwizi wa Ujerumani aliipata. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo visa vyote hivi vinashirikiana, kuanzia jirani mwenye sufuria hadi shuleni. Joho halivaliwi kwa nguvu ya mjanja peke yake. Géronte alihitaji binti aseme; shule ilihitaji mtu wa kusimama mbele ya watoto waliokwisha kukatiwa tamaa. Mahali palipo na pengo, tapeli huingia. Futuhi hii, kwa hiyo, inamcheka pia aliyeliacha pengo.

Mambo haya darasani

Napendekeza walimu wenzangu wajaribu hatua tatu. Kwanza, wanafunzi waigize onyesho la kumchapa tabibu kwa lahaja yao. Hapa kwetu, tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kimebaki cha nyumbani na barazani. Mwanafunzi anaposema "ndoo" badala ya "njoo" na "mato" badala ya "macho", kicheko huja chenyewe na vitushi havisahauliki. Pili, waandike kila kitushi kwenye kipande cha karatasi, wavipange, kisha wakiondoe kimoja na kueleza ni vipi vitakavyoanguka. Kitushi kisichoangusha kingine si nguzo ya msuko. Tatu, wamuulize kila mhusika mkuu: alibadilika lini, na kwa tukio lipi? Jibu likikosekana, wasiandike kwamba alibadilika.

Hitimisho

Tumeona kwamba futuhi ya joho imesafiri kutoka kwa mkulima aliyefunzwa na fimbo, kupitia mkata kuni asiyefunzika, hadi kwa mwizi aliyefunzwa na darasa, na kwamba kila badiliko limetegemea mpango wa wakati na mahali pa fichuo.

Kuhusu yule mvulana, juma lililofuata nililirudisha swali lake darasani, nikamtaka alijibu yeye. Alifikiri kidogo, akasema: "Mwalimu, huyo hakubadilika kwanza ndipo akapewa darasa. Alipewa darasa, ndipo akabadilika." Hilo ndilo jibu la msuko, kwa kuwa limetaja lililotangulia na lililofuata na likaonyesha kipi kilizaa kipi. Sisi tulio katika mitaa ambayo vijana wake hupewa jina la uhuni kabla ya kupewa kazi yoyote, tuna sababu ya kulitafakari nje ya chumba cha mtihani pia.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya hadithi na msuko kwa kurejelea kisa cha Abunuwasi na sufuria.
2. "Umoja wa wakati ulimnyima Sganarelle nafasi ya kubadilika." Jadili.
3. Linganisha nafasi ya fichuo katika Tabibu Asiyependa Utabibu na katika tamthilia yoyote uliyoisoma.