Burt Munro na rafu ya vyuma vilivyovunjika

Ukitaja jina la Burt Munro, wengi watakukumbusha filamu ya mwaka 2005, The World's Fastest Indian, ambamo Anthony Hopkins anaigiza mzee wa New Zealand anayekwenda Marekani kukimbiza pikipiki kuukuu. Filamu nzuri, sikatai. Lakini inakaa sana safarini na kidogo mno bandani, na mimi naona historia yenyewe iko bandani.

Munro alizaliwa mwaka 1899 karibu na Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Mwaka 1920 alinunua Indian Scout, pikipiki ya Kimarekani yenye injini ya cc 600, iliyotoka kiwandani ikikimbia kama kilomita 88 tu kwa saa. Mwaka 1926 akaanza kuifungua na kuibadilisha. Hakuacha kwa zaidi ya miaka 40.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Fedha hakuwa nazo. Mwenye fedha pistoni yake ikiungua ananunua nyingine. Munro aliyeyusha vyuma chakavu, akamimina kwenye makopo ya zamani, akasubiri vipoe, kisha akavichonga mpaka vikawa pistoni. Mnaowajua mafundi wetu wanaoyeyusha chakavu kutengeneza masufuria mtanielewa haraka. Ila sufuria haipandi na kushuka maelfu ya mara kwa dakika huku moto ukilipuka juu yake! Konrodi, yaani ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, alizichonga kutoka kwenye ekseli ya trekta. Kifaa cha kupimia unene alikitengeneza kwa spoku ya gurudumu. Na valvu, ambazo kiwanda kiliziweka ubavuni mwa silinda, akazihamishia juu ili injini ivute hewa vizuri zaidi.

Shida ya kuongeza nguvu kwenye injini ya zamani ni kwamba ubovu haukwishi, unahama. Ukitengeneza pistoni isiyoyeyuka, konrodi inakatika. Ukiimarisha konrodi, kitu kingine kinapasuka. Munro hakuvitupa vyuma vilivyomshinda. Alivipanga kwenye rafu na kuandika maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Sadaka kwa Mungu wa Mwendo Kasi". Watu hucheka, wanaona ni utani wa mzee. Kwangu mimi ile ndiyo maktaba yake. Hakuwa na mhandisi wa kumuuliza, na kiwanda cha Indian kule Springfield, Massachusetts, kiliacha kuunda pikipiki mwaka 1953. Kila kipande kilimwonyesha mahali chuma kiliposalimu amri.

Na hili halikuwa jambo la mchezo. Injini ikikwama ghafla kwenye mwendo mkali, gurudumu la nyuma linakwama nalo, na aliyepanda ndiye anayelipa. Mwaka 1962, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Munro aliweka rekodi ya kilomita 288 kwa saa. Mwaka 1967 akarudi akiwa na umri wa miaka 68, injini sasa imepanuliwa kupita cc 900, akaweka rekodi ya kilomita 295 kwa saa katika daraja la injini zisizozidi cc 1000. Pikipiki ilikuwa na miaka 47!

Alifariki mwaka 1978. Miaka mingi baadaye mwanawe John akazipitia zile tarakimu za 1967 akaona hesabu ya wastani ilikosewa. Mwaka 2014 chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kikairekebisha rekodi: si maili 183.586 kwa saa, ni 184.087. Nusu maili tu, lakini ilikuwa yake.

Ukifika Invercargill leo, pikipiki yake inaonyeshwa katika E. Hayes, duka la kuuza nyundo, misumari na tupa.