Mwisho wa Bunduki Iliyosalimishwa

Vita huisha, msomaji, lakini bunduki husalia. Mikataba hutiwa sahihi na majeshi hutawanyika. Chuma kilichotumika kuulia hubaki kimefukiwa shambani au kimefichwa darini, kikingoja mkono mwingine. Basi yafaa tuulize: bunduki ikiisha kukusanywa, ifanyiwe nini?

Na tuitazame Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza huko mwaka 1977 vilikoma kwa mkataba uliotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Umoja wa Mataifa ulikusanya silaha nyingi kutoka kwa pande mbili zilizopigana, lakini ni sehemu ndogo tu iliyoharibiwa. Nyingi zilikabidhiwa jeshi jipya. Nyingine zilikuwa zingali mafichoni, na wahalifu wakazivusha mpaka hata Afrika Kusini. Mwaka 1995 polisi wa nchi hizo mbili walianza kushirikiana kuzisaka na kuziteketeza.

Mwaka huo huo Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mpango wa kubadili silaha kwa majembe. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, baisikeli, cherehani au chombo kingine cha kazi. Bunduki zenyewe ziliharibiwa, na vipande vingine wakapewa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, alivitumia kuunda kiti cha enzi mwaka 2001. Kiti hicho ni mali ya British Museum, London.

Wako wasemao kwamba kuharibu kitu cha thamani ni ubadhirifu: heri bunduki wapewe askari, au ziuzwe na fedha zijenge shule. Husema, akiba haiozi. Neno hilo ni jema kwa fedha. Kwa bunduki ndilo hatari yenyewe. Bunduki iliyotunzwa yaweza kuua baada ya miaka hamsini, na ghala laweza kuvunjwa, na mlinzi wake aweza kuhongwa.

Kuna na sababu iliyo kubwa zaidi. Mtu asalimishaye bunduki amejivua kinga yake. Ameitoa kwa kuamini kwamba haitamrudia mikononi mwa adui. Akisikia kwamba imeuzwa, ataona amedanganywa, na jirani yake hataleta ya kwake kamwe.

Kwa hiyo ni busara silaha hizo ziharibiwe hadharani, zikiwa zimehesabiwa mbele ya watu. Kenya ilifanya hivyo huko Ngong mwezi wa Novemba 2016, zilipochomwa bunduki zaidi ya 5,000 zilizokuwa zikimilikiwa kinyume cha sheria.

Nawe, msomaji, utakaposikia kwamba bunduki kadha wa kadha zimekusanywa mahali fulani, furahi. Kisha uulize zimepelekwa wapi. Ikiwa hakuna ajuaye, kazi haijaisha.