Nyumba Yangu, Kiwanja Chake

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu wa Ng'ambo, mjini Unguja, akisema ana nyumba, alimaanisha boriti, fito, udongo na makuti. Ardhi iliyobeba vyote hivyo ilikuwa ya mwingine, naye hakuona ajabu. Nyumba aliiuza alipotaka, akapangisha chumba, na alipokufa warithi wakagawana mafungu yao kwa sheria ya Kiislamu. Ndiyo desturi ile ile ya mashamba ya pwani, ambako mnazi waweza kuwa wa huyu na ardhi chini yake ya yule. Mwanasheria wa Kiingereza, aliyefundwa kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, hapo ilimbidi arudi chuoni.

Wenye viwanja wengi walikuwa Waarabu na Wahindi wenye mali. Viwanja vingine vilikuwa vya wakfu. Waliojenga, wanawake kwa wanaume, wengi walikuwa watu waliotoka utumwani na watoto wao, pamoja na wageni kutoka bara na Ngazija. Zamani mtu alijenga kwa idhini ya bwana, na malipo yalikuwa heshima: kuonekana msibani kwake, kutumika harusini kwake. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, mji ukajaa, viwanja vikapata bei. Heshima ikageuzwa fedha, na fedha yenyewe ikawa inapanda.

Mwaka 1928 Ng'ambo ikagoma. Watu walikataa kulipa kodi ya kiwanja, na wenzao walipokamatwa, umati ukawatoa gerezani. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kudhibiti kodi hiyo. Wanaosimulia siasa za Zanzibar hupenda kukimbilia mgomo wa makuli wa 1948, na huu wakaupita njiani. Kwangu mimi huu ndio mzito zaidi, kwa sababu wagomaji hawakudai ardhi. Walidai kwamba aliyejenga hawezi kung'olewa na aliyekuta tu kiwanja ni chake.

Mapinduzi ya 1964 yalimwondoa mwenye kiwanja huyo. Ardhi yote ikawa ya serikali. Kodi ile ikaisha, na kwa maelfu ya familia hiyo ilikuwa faraja ya kweli. Ila mwenye kiwanja mpya alikuwa na nguvu ambazo wa zamani hakuziota. Serikali, ikisaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ilichora Ng'ambo mpya, na nyumba nyingi za udongo zikabomolewa kupisha maghorofa ya Michenzani. Nani angemgomea mwenye kiwanja huyu?

Tanzania Bara nako ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati za mjini hutolewa kwa muda, hadi miaka 99. Hilo halimzuii mtu kusema, "Nimejenga kwangu."

Mombasa ilikwenda njia nyingine. Huko sheria ya 1908 ilianzisha usajili wa hati za ardhi, na waliokuwa na uwezo wa kuthibitisha madai yao mbele ya maofisa ndio waliotoka na karatasi. Desturi ya kutenga nyumba na ardhi haikufa. Katika mitaa ya zamani kama Majengo, nyumba bila ardhi bado zinauzwa na kurithiwa, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi yake.