Unataka kupanda Shengena? Yajue haya kuhusu milima ya Same kabla hujatoka stendi

Ukishuka kwenye basi pale Same saa saba mchana, kinachokupokea ni jua, vumbi na upepo. Wasafiri wengi wa Moshi na Arusha wananunua maji, wanarudi kwenye siti zao na kuondoka wakiamini Same ni nchi kame basi.

Lakini inua macho kidogo. Yale mawingu yaliyokaa juu ya mlima yanaficha msitu wa mvua, vijiji vyenye migomba na tangawizi, na kilele cha mita 2,462 ambapo asubuhi ya Julai utatetemeka kwa baridi.

Hiyo ndiyo Upare ya Kusini. Kama unapanga kwenda, haya ndiyo ya kujua.

Milima yenyewe ikoje?

Milima ya Pare ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Kilimanjaro ni volkano, hii siyo. Ni miamba ya kale sana iliyoinuka, ikakatwakatwa na mito.

Imegawanyika sehemu mbili. Upare ya Kaskazini iko Wilaya ya Mwanga, kwenye Usangi na Ugweno, na kilele chake kinachojulikana zaidi ni Kindoroko, mita 2,113. Upare ya Kusini iko Wilaya ya Same, na huko ndiko kuliko Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare.

Shengena iko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, yenye zaidi ya hekta 14,000. Humo anaishi ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye hapatikani kwingine duniani ila milima ya Pare Kusini. Humo pia kuna mkulo, mti wa mbao ambao umewindwa na wapasuaji haramu kwa miaka mingi.

Unapandaje?

Mwaka 2019 Serikali ilisema inafikiria kuweka magari ya kamba Kilimanjaro, na mjadala ukawa mkubwa. Same hakuna mjadala wa aina hiyo. Huku kinachokupandisha ni Noah, Coaster, lori la mizigo, bodaboda, na mwisho kabisa miguu yako mwenyewe.

Kufika Same mjini ni rahisi. Mji uko kwenye barabara kuu ya lami, kilomita 100 hivi kutoka Moshi, na mabasi ya Dar es Salaam kwenda Arusha yanapita hapo. Reli nayo inapita: treni ya abiria kutoka Dar kwenda Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama miaka mingi. Uliza ratiba kwanza.

Kazi inaanza ukiiacha lami. Kwenda Mbaga, Chome, Suji, Vudee au Mamba, barabara ni za udongo, zina kona kali na korongo upande mmoja. Magari mengi hushuka alfajiri yakileta watu na mazao, kisha hupanda tena mchana. Ukichelewa, utalala Same au utabeba gharama ya bodaboda peke yako.

Kwa Shengena, wengi huanzia Mbaga au kijiji cha Chome. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa hiyo pata kibali na mwongozaji kabla ya kuingia. Tenga siku nzima. Njia ina utelezi, na ukungu ukishuka huoni hata mti wa mbele yako.

Kwa nini chini kukame, juu kuna mvua?

Upepo unatoka Bahari ya Hindi ukiwa na unyevu. Ukigonga milima, unapanda, unapoa, mvua inanyesha huko huko juu. Ukivuka upande wa pili umeshakauka. Ndiyo maana Same mjini, Makanya na Hedaru ni nchi ya mkonge na miiba, wakati Mamba Miamba wanalima tangawizi.

Joto nalo hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Same mjini hadi kileleni ni mita 1,600 hivi, yaani tofauti ya takriban nyuzi 10. Sweta siyo pambo.

Kalenda fupi:

- Machi hadi Mei: masika. Barabara za mlimani huwa tope, magari hukwama.
- Juni hadi Agosti: baridi na ukungu, hasa asubuhi.
- Septemba hadi mwanzo wa Oktoba: kukavu, muda mzuri wa kupanda.
- Oktoba hadi Desemba: vuli. Kuwa makini.
- Januari na Februari: joto chini, juu kunatembeleka.

Hilo la vuli siyo maneno ya kutisha watu. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka Mamba Miamba na kuua zaidi ya watu 20. Mwenyeji akikwambia leo hakupitiki, usibishane naye.

Mlima ukikauka, nani anaumia?

Wapare walilijua jibu zamani. Walichimba ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kijito usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Nyingine zinatumika hadi leo. Kule Ndungu, tambarare ya mashariki, mpunga unaota kwa maji yanayoshuka kutoka milimani.

Same mjini kiu ilikuwa wimbo wa miaka mingi, mpaka mradi mkubwa wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaovuta maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulipozinduliwa Machi 2025. Bomba hilo ni msaada mkubwa, ila halinyweshi shamba la mkulima wa Ndungu. Yeye bado anautegemea msitu.

Kwa hiyo ukipanda Shengena, usiwashe moto ovyo na ukasha taka zako shuka nazo. Na wahi kileleni asubuhi: anga ikiwa safi, Kilimanjaro inaonekana kule kaskazini-magharibi, na theluji yake juu.