Nyumba 27 za Lewisham

Mwaka 1976 Halmashauri ya Manispaa ya Lewisham, kusini-mashariki mwa London, ilipitisha kwa tofauti ya kura moja uamuzi wa kuwapa wakazi wake ardhi ili wajijengee nyumba. Haikuwa ardhi ya kugombaniwa. Vilikuwa viraka vilivyobaki, vidogo mno au vyenye mteremko mkali, ambavyo idara ya nyumba ilishindwa kuvitumia kwa majengo yake ya kawaida. Kutokana na uamuzi huo zilipatikana nyumba 27 za mbao: 14 za awamu ya kwanza, zilizoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na 13 za awamu ya pili katikati ya miaka ya 1980. Kwa halmashauri yenye maelfu ya watu katika orodha ya kungojea nyumba, hilo ni tone.

Taarifa nyingi za miradi ya jamii, iwe London, iwe Nairobi, huishia siku ya uzinduzi. Utepe umekatwa, funguo zimekabidhiwa, mgeni rasmi amepiga picha, basi. Sisi tunataka kuitazama Lewisham miaka 40 na zaidi baada ya funguo, kwa sababu hapo ndipo mradi huu unapokuwa mgumu kuuhukumu.

Aliyebuni nyumba hizo ni Walter Segal, msanifu majengo aliyezaliwa 1907, mtoto wa mchoraji, aliyekulia Uswisi na kuhamia London katika miaka ya 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitaka kuijenga upya nyumba yake huko Highgate, na familia ilihitaji mahali pa kujihifadhi kwa muda. Akasimamisha kibanda bustanini kwa wiki 2 na kwa takriban pauni 800. Kibanda kile cha muda kikadumu miaka mingi kuliko alivyokusudia, na watu wakaanza kumwomba awajengee kama hicho. Mwandishi Colin Ward, aliyeamini kwamba watu wa kawaida wanaweza kujisimamia kuliko serikali inavyodhani, ndiye aliyewakutanisha Segal na Lewisham. Ndani ya halmashauri wazo lilisukumwa na diwani Nicholas Taylor na msanifu Brian Richardson.

Ujanja wa Segal ulikuwa katika vipimo. Alichukua mbao, mabamba ya ukuta na ya dari kwa ukubwa uleule yanavyouzwa dukani, kisha akapanga nyumba nzima kwa kufuata ukubwa huo, ili pasiwe na haja ya kukata ovyo na kutupa mabaki. Nguzo za mbao zilisimama juu ya vitako vidogo vya zege, kila moja kwa urefu wake kulingana na mteremko, bila kuchonga kilima. Hapakuwa na tofali wala lipu. Kuta zilibanwa kwa bolti na parafujo, na ziliweza kufunguliwa na kuhamishwa. Msomaji anayezijua nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe hatashangaa sana: huko nako upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti la mkoko lililotoka msituni, na ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Fundi wa pwani hakuhitaji kufundishwa kwamba nyumba huanza na kile kilichopo sokoni.

Washiriki walikuwa wapangaji wa halmashauri na watu waliokuwa wakingojea nyumba. Hawakutakiwa kuwa na akiba wala ujuzi. Walisubiri zaidi ya miaka 2 huku makaratasi ya fedha, mipango miji na kanuni za ujenzi yakizunguka ofisini, maana hapakuwa na fomu iliyotayarishwa kwa ajili ya watu kama wao. Katika kungoja huko walihudhuria masomo ya jioni ya kutumia pimamaji na kusoma michoro. Kisha wakajenga jioni na mwisho wa wiki, baada ya kazi zao za kila siku, wanawake kwa wanaume. Kazi ya mikono yao ilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo, na kilichobaki kikagawanywa kati ya mkopo na kodi.

Jambo moja latugusa zaidi sisi wanafunzi wa Kiswahili, wenye maneno mengi ya kazi za pamoja: harambee, ujima, msaragambo. Vyama vingi vya kujijengea vya Uingereza viliweka idadi ya saa ambazo kila mwanachama lazima azitoe kwa wenzake. Segal alikataa. Kila familia ilijenga yake, na kusaidiana kukaachwa kuwe kwa hiari. Watu wakasaidiana. Tukikumbuka jinsi harambee nchini Kenya ilivyogeuka pengine kuwa mchango wa kulazimishwa, wa kukatwa au kudaiwa na chifu, tunaona kwamba mzee yule alijua alichokuwa akikikwepa.

Wazo lenyewe halikuwa la Lewisham peke yake. Mwaka huohuo wa 1976 John Turner, msanifu Mwingereza aliyefanya kazi Peru, alichapisha kitabu kuhusu watu kujijengea makazi, na Ward akakiandikia dibaji. Fikra za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuingia Benki ya Dunia. Dar es Salaam ilianza mradi wake wa viwanja vyenye huduma mwaka 1974, na hapo ndipo ilipopimwa mitaa ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Nairobi ilifuata na Dandora, viwanja takriban 6,000, ambapo mwenye bahati alipata kiwanja chenye choo na bafu na mkopo wa vifaa, akaambiwa ajenge vilivyobaki.

Kwa hesabu ya viwanja, Dandora na Sinza ni majitu mbele ya Lewisham. Lakini waliokusudiwa walikuwa watu wa kipato cha chini, na viwanja havikukaa nao wote. Dandora wengi walipangisha vyumba na kuhamia kwingine. Sinza na Mikocheni wenye fedha walinunua kwa wenye shida. Hatuwalaumu waliouza, kwani kiwanja kilikuwa ndiyo mali pekee waliyowahi kuwa nayo. Tunachosema ni kwamba mradi uliwasaidia watu fulani mara moja, kisha mlango ukafungwa nyuma yao.

Lewisham ilipita njia hiyohiyo, polepole zaidi. Segal alifariki 1985, kabla nyumba za Walters Way, mtaa uliopewa jina lake, hazijakamilika. Kadiri miaka ilivyokwenda wakazi waliweza kununua hisa iliyobaki, na nyumba zikawa mali ya mtu binafsi. Anayeshuka leo stesheni ya Honor Oak Park atazifikia kwa miguu dakika chache tu: zimeongezwa vyumba, kuta zimesogezwa, hakuna mbili zinazofanana, jambo ambalo lingemfurahisha sana mbunifu wake. Lakini ikitokea moja kuuzwa, inauzwa kwa bei ya London. Familia iliyo katika orodha ya halmashauri leo haiwezi hata kuuliza. Kwa hiyo mradi ulifaulu kama ujenzi, ulifaulu kama shule, na kwa wale 27 wa kwanza ulibadilisha maisha. Kama sera ya makazi, ulidumu kizazi kimoja.

Waliotambua kasoro hiyo mapema walitoka hukohuko. Mwaka 2009 kijana aliyekulia Walters Way alishiriki kuanzisha RUSS, asasi ya wakazi inayoshika ardhi kwa niaba ya jamii. Halmashauri iliwakubalia kiwanja cha shule ya zamani huko Church Grove, Ladywell, na mwaka 2018 wakapata kibali cha kujenga nyumba. Humo kuna za kupangisha na za kumiliki kwa hisa, na mwenye hisa akiondoka hauzi kwa bei ya soko. Mkataba unamfunga yeye na atakayemfuata.

Bei ya kufuli hilo ilikuwa kubwa. Jengo ni la ghorofa, likahitaji mkandarasi, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na kampuni. Wakazi waliachiwa zaidi umaliziaji wa ndani, rangi, sakafu na makabati. Kutoka mkutano wa kwanza hadi watu kuhamia ilipita zaidi ya miaka 10, na baadhi ya walioanza hawakuweza kungoja. Ule uhuru wa kushika nyundo na kuamua dirisha likae wapi umepungua sana ukilinganisha na mwaka 1979. Sisi tungechagua kufuli hata hivyo, ingawa twafahamu kwamba katika chama chetu wapo watakaopinga, hasa waliokulia kwenye nyumba ambazo baba zao walizijenga chumba baada ya chumba.